Mtoto Asiyeshika Hesabu: Mwaliko kwa Wazazi, Walimu na Makatekista



Kila muhula unapofungwa, ripoti za shule hufika nyumbani, na katika familia nyingi za parokia zetu yupo mtoto ambaye mstari wa Hisabati katika ripoti yake huleta majonzi. Kiswahili anakisoma vizuri. Hadithi za Biblia anazisimulia kwa ufasaha, na katika Utoto Mtakatifu ndiye anayeanzisha nyimbo. Lakini yuko darasa la tano na 8 + 5 bado anaitafuta kwenye vidole, na jibu alilolipata jana leo halijui tena. Mzazi husema ni mvivu. Mwalimu husema hasikilizi. Jirani hunong'ona kwamba amechezewa. Naye mtoto, baada ya kuyasikia hayo miaka mingi, huhitimisha moyoni mwake kwamba Mungu alimuumba mjinga.

Hitimisho hilo la mtoto ndilo linalotusukuma kuandika makala hii, kwa maana si jambo la shule tu. Ni jeraha la imani. Tunakusudia kueleza ugumu huu ni kitu gani, unatambulikaje, mtoto wa namna hiyo afundishweje, na imani yetu inatudai nini mbele yake.

Diskalkulia ni nini?

Wataalamu huuita ugumu huu diskalkulia. Neno hilo limeundwa kwa kiambishi cha Kigiriki chenye maana ya ugumu, na neno la Kilatini lenye maana ya kuhesabu, ambalo nalo linatokana na jina la kijiwe kidogo, kwa kuwa watu wa kale walihesabu kwa vijiwe. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Ladislav Košč wa Chekoslovakia aliandika juu ya watoto wenye akili ya kawaida ambao hata hivyo walikuwa na ugumu wa pekee katika hesabu, na tangu hapo jina hilo likaenea.

Ili tuelewe, tutazame jambo dogo. Yawekwe machungwa matatu mezani. Mtu atupapo jicho mara moja anajua ni matatu; hana haja ya kusema moja, mbili, tatu. Binadamu wengi wana uwezo huu wa kuona idadi ndogo, hadi vitu vinne hivi, bila kuhesabu. Vivyo hivyo wengi wetu tunahisi papo hapo kwamba 9 ni kubwa kuliko 6, kana kwamba namba zimepangwa kichwani kama nyumba kandokando ya barabara. Kwa mtoto mwenye diskalkulia, hisi hiyo ya idadi ni dhaifu. Alama 7 anaitambua kama anavyoitambua herufi, lakini haimletei picha ya wingi wowote. Utafiti wa ubongo umeonyesha kwamba kuna sehemu iliyo juu kuelekea nyuma, upande wa kulia na wa kushoto, inayofanya kazi sana mtu anapolinganisha idadi, na kwamba kwa watu wengi wenye diskalkulia sehemu hiyo hufanya kazi kwa namna tofauti.

Kwa hiyo diskalkulia si uvivu, wala si ukosefu wa akili, wala si laana. Huonekana zaidi katika baadhi ya koo, na pia kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Haitibiwi kwa dawa, na mtu huishi nayo hata ukubwani. Lakini mafundisho yanayofaa humsaidia kupiga hatua za kweli. Makadirio mengi ya watafiti ni kati ya watoto 3 na 7 katika kila 100. Katika darasa la wanafunzi 60, basi, tutarajie kuwakuta wawili hadi wanne.

Tusichanganye mambo

Si kila anayeshindwa hesabu ana diskalkulia. Nchini mwetu waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne wamekuwa wachache kwa miaka mingi, wala hatuwezi kusema kwamba wote waliobaki wana tatizo la ubongo. Yupo mtoto asiyeona ubao na asiyejua kwamba wenzake wanauona. Yupo asiyesikia vizuri. Yupo anayekuja shuleni na njaa, aliyehama shule mara tatu, aliyekosa masomo kwa ugonjwa, au ambaye msingi wa kuhesabu katika darasa la kwanza na la pili haukujengwa kwa sababu darasa lilikuwa na watoto wengi mno. Yupo pia mwenye ugumu mwingine: wa kusoma, uitwao disleksia, ambao humfanya ashindwe hesabu za maneno ingawa za namba anaziweza, au wa kutulia na kuweka umakini, unaomfanya aruke hatua. Magumu haya mara nyingi huandamana, na mtoto mmoja aweza kuwa na mawili kwa pamoja.

Ipo pia hofu. Mtoto aliyechapwa au kuchekwa kwa sababu ya hesabu huanza kutetemeka kabla swali halijaisha kusomwa, na akili iliyoshikwa na hofu haina nafasi ya kushika namba. Hapo kiboko huongeza kile kile kilichodhaniwa kukiondoa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumpeleka mtoto hospitali apimwe macho na masikio. Hatua ya pili ni kuzungumza na mwalimu wake kwa utulivu. Ikiwa hata baada ya kufundishwa kwa uvumilivu miezi kadhaa ugumu unabaki katika namba tu, hapo tufikirie diskalkulia. Wapo walimu waliosomea elimu maalumu, wakiwamo wahitimu wa Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, na ofisi ya elimu ya halmashauri inaweza kuelekeza walipo. Kwa mganga wa ramli tusiende. Katekisimu inatukataza, na zaidi ya hapo mtoto atarudi na mzigo wa pili: kuamini kwamba bibi yake au shangazi yake ndiye adui wa akili yake.

Dalili za kuangalia

Mtoto mdogo huchelewa kuhesabu kwa mpangilio, na hata akijua kutamka moja hadi kumi, ukimwomba akuletee vijiko vitano huleta vitatu au saba. Katika shule ya msingi huendelea kutumia vidole kwa hesabu ambazo wenzake wanazijua kwa kichwa. Akiulizwa 5 + 2 huhesabu tano zote upya badala ya kuanzia tano. Kuhesabu kurudi nyuma humshinda. Akiambiwa aandike mia tatu na nne, huandika 3004, kwa maana ameandika alichosikia: mia tatu, kisha nne. Jedwali la kuzidisha alilokariri jioni hulipoteza asubuhi. Kijana mkubwa hupotea katika kusoma saa, hawezi kukisia kama shilingi 5,000 zitatosha kwa vitu vitatu dukani, na hukwepa kutumwa.

Dalili moja pekee haitoshi. Tunatazama dalili nyingi zilizokaa pamoja kwa muda mrefu.

Lugha yetu na hesabu

Yapo mambo katika Kiswahili yanayomsaidia mtoto huyu, na yapo yanayomkwaza. Tunaposema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, jina lenyewe linafundisha: ni kumi, kisha moja. Hapo lugha yetu imetubariki. Lakini tukifika ishirini, thelathini, arobaini hadi tisini, majina hayo tumeyapokea kutoka Kiarabu, na mtoto hasikii ndani yake kumi mbili, kumi tatu wala kumi nne. Mnyarwanda husema makumyabiri na Mganda amakumi abiri, yaani makumi mawili, na maana iko wazi. Mwalimu hodari aweza kuirudisha maana hiyo darasani: kwa majuma machache watoto waseme "makumi mawili na tatu, ndiyo ishirini na tatu", hadi jina na idadi vifungamane.

Tutazame pia neno kuzidisha. Nyumbani tunasema chumvi imezidi, yaani imeongezeka. Mtoto anayeambiwa azidishe 3 kwa 4 na akajibu 7 hakukosa utii. Ameelewa neno kama linavyotumika jikoni. Tumwambie: mafungu matatu, kila fungu lina vinne. Vilevile kugawa. Mama agawapo chakula, baba hupewa kikubwa na mtoto kidogo, na hiyo ni haki ya nyumbani. Katika Hisabati kugawanya ni sawa kwa sawa. Jambo hilo lisemwe waziwazi.

Na saa je? Mshale mfupi uko kwenye 7 nasi tunasema saa moja asubuhi. Mtoto mwenye hisi thabiti ya namba huzoea. Mwenye diskalkulia huona watu wazima wanasema namba ambayo haipo. Afundishwe kwanza mfumo mmoja hadi atulie, na saa ya ukutani ibandikwe vikaratasi vyenye majina tunayoyatamka.

Namna ya kumfundisha

Kanuni ya kwanza ni kuanza na vitu vinavyoshikika. Hapa Kanisa lina hazina ambayo wengi hawaijui. Maria Montessori, daktari Mkatoliki aliyezaliwa Italia mwaka 1870, alianza kazi yake ya elimu kwa watoto wa Roma waliohesabiwa kuwa hawafundishiki. Aliona kwamba mkono ukishika, akili hufuata. Tarehe 6 Januari 1907, sherehe ya Tokeo la Bwana, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo. Baadaye vifaa vyake vya hesabu vilijumuisha shanga: moja peke yake ni moja, kumi katika waya ni kumi, waya kumi zilizoungana ni mraba wa mia, na miraba kumi iliyopangwa juu kwa juu ni mche wa elfu. Mtoto huushika uzito wa elfu mkononi kabla ya kuiandika.

Hatuhitaji kununua shanga kutoka ng'ambo. Vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira vinatosha. Tuchukue 32 − 17. Mezani pana mafungu matatu na vijiti viwili. Tunatakiwa kuondoa vijiti saba, lakini vilivyo huru ni viwili tu. Tunafungua fungu moja; sasa tuna mafungu mawili na vijiti 12. Tunaondoa saba, vinabaki vitano. Tunaondoa fungu moja, linabaki moja. Jibu ni 15, nalo linaonekana kwa macho. Tumezoea kuita hatua hiyo kukopa, na watoto wengine hujiuliza deni litalipwa lini. Kusema kufungua fungu ni kweli zaidi.

Kanuni ya pili ni kutoruka daraja. Mwanasaikolojia Mmarekani Jerome Bruner, katika maandishi yake ya miaka ya 1960, alionyesha kwamba tunajifunza kwa kutenda, kisha kwa picha, kisha kwa alama. Vijiti kwanza, halafu mtoto avichore daftarini, halafu ndipo aandike namba. Akikwama kwenye alama, arudi kwenye picha au vijiti, na asionewe haya kwa kurudi.

Kanuni ya tatu ni kukariri machache na kujenga mengine juu yake. Jedwali zima la kuzidisha ni mlima kwa mtoto huyu. Ajue vizuri za 2, za 5 na za 10. Akiulizwa 6 × 7, aanze na saba tano, ambazo ni 35, aongeze saba moja, apate 42. Njia hii ni ndefu kuliko kukariri, lakini haipotei usiku.

Kanuni ya nne ni vipindi vifupi vya kila siku. Dakika 15 kila jioni huzaa matunda kuliko saa tatu za Jumamosi. Na kanuni ya tano ni kupunguza idadi ya maswali na kuongeza muda. Maswali matano yaliyoeleweka ni bora kuliko ishirini yaliyokisiwa. Mwalimu aulize, "Umefikaje hapo?" hata pale jibu linapokuwa sahihi, kwa sababu ni katika maelezo ya mtoto ndipo kosa hujionyesha lilipo.

Nyumbani na parokiani

Mzazi ambaye hakusoma sana asiseme kwamba hana la kufanya. Amwite mtoto apange sahani kulingana na watu waliopo. Wacheze bao, kwa kuwa mchezo huo wote ni kuona idadi ya kete na kuzisambaza moja moja. Wakienda sokoni, wahesabu chenji kwa kupanda: tumenunua vitu vya shilingi 1,400, tumetoa noti ya 2,000, mia moja inatufikisha 1,500, mia tano inatufikisha 2,000, basi chenji ni 600. Na pale sala ya familia inapokwisha, rozari yenyewe, ambayo kwanza ni sala na heshima yake ibaki, humwonyesha mtoto makumi matano yanayofanya hamsini.

Makatekista wetu tunawaomba jambo la pekee. Mtoto anayejua kwamba ni dhambi kuiba, lakini akiulizwa amri ya saba ni ipi akanyamaza, hajakosa katekesi, amekosa namba. Aulizwe kwa maneno. Asaidiwe kupata ukurasa wa wimbo, au sura na aya katika Biblia, bila kelele. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 913, inadai kwamba mtoto anayejiandaa kwa Komunyo Takatifu alielewe fumbo la Kristo kadiri ya uwezo wake. Haisemi kadiri ya uwezo wa wenzake.

Kipofu wa Bethsaida

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, aya ya 22 hadi 26, tunasoma juu ya kipofu aliyeletwa kwa Yesu huko Bethsaida. Mambo matatu katika simulizi hiyo yanamfaa kila anayefundisha. Kwanza, Yesu anamshika mkono na kumtoa nje ya kijiji. Hamfanyi kuwa tamasha la umati. Walimu wenye busara hufanya hivyo: hawamwiti ubaoni mtoto wanayejua atachekwa, bali huketi naye pembeni. Pili, baada ya kumwekea mikono, Yesu anamuuliza kama anaona kitu, naye anajibu ukweli, kwamba anaona watu lakini wanafanana na miti inayotembea. Ni jibu la nusu, na Bwana analipokea bila kumkemea. Tatu, anamwekea mikono tena. Yeye ambaye kwa neno moja alituliza bahari, hapa alikubali kazi ifanyike kwa hatua mbili. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona aibu kurudia, mwalimu na mzazi wasione kuwa kurudia ni kushindwa.

Simulizi hiyo inatuelekeza tutazame pia shule zetu za Kikatoliki. Tunajivunia matokeo yao, nasi tunamshukuru Mungu. Hata hivyo zipo shule ambazo mtoto asiyefikia wastani hurudishwa nyumbani ili matokeo ya shule katika mtihani yasishuke. Tunaelewa kwamba wazazi wengi huchagua shule kwa kuangalia matokeo hayo, na kwamba wakuu wa shule hubanwa na ada na gharama. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba kila mtu ana haki ya elimu inayolingana na uwezo wake. Taifa letu nalo liliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao unadai elimu isiyombagua mtu. Shule inayobeba jina la mtakatifu na kumfukuza mtoto kwa sababu ya namba ijiulize jina hilo linashuhudia nini.

Hatua si lazima ziwe kubwa. Mwalimu mmoja katika kila shule yetu apewe nafasi ya kusomea elimu maalumu. Vijiti na jedwali viruhusiwe mezani katika mazoezi ya darasani. Mtoto aliyeshindwa Hisabati apimwe pia katika yale anayoyaweza kabla uamuzi juu yake haujatolewa. Na katika Jumuiya Ndogo Ndogo, walimu wastaafu ambao tunao wengi waombwe kutoa jioni moja kwa juma kwa watoto wa namna hii; hiyo ni sadaka isiyopita katika kapu lakini inayompendeza Mungu.

Kwa mzazi mwenye ripoti hiyo mkononi sasa, tunatoa ombi moja kabla ya mengine yote. Leo jioni mketishe mtoto wako, umwambie kwamba unajua anajitahidi, na kwamba hesabu mtaitafuta pamoja. Kisha leta vijiti.

Tunawaombea ninyi nyote na watoto wenu, kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu wa Kupertino, ambaye masomo yalimwia magumu mno na ambaye leo wanafunzi wanaokabili mitihani humkimbilia. Bwana awabariki, awape subira.